Siku ya Bamvua, Kenge Akiwa Ndani ya Stoo

Saa 11:00 alfajiri

Katika siku za bamvua, ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, huamka kabla ya adhana, kwa sababu mwenye kunipangia ratiba ni bahari, nayo haijui kumsubiri mtu amalize usingizi. Mimi ni mkulima wa mwani katika kijiji kimoja cha ghuba ya Mchinga, kaskazini mwa mji wa Lindi, na ni katibu wa kikundi chetu cha wanawake 14. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo nilijua kwamba maji yangekupwa kabisa kuelekea saa 4 asubuhi, na kwamba tulipaswa kuwa shambani, yaani baharini, kuanzia saa 2 hadi maji yatakapotufika kiunoni karibu na saa 6 mchana. Siku hizo zikipita, maji mafu huja, na mashamba ya mbali hayafikiki tena kwa miguu mpaka bamvua nyingine.

Kamba za kupandia, pamoja na zile kamba ndogo za kufungia miche ambazo tunaziita tai-tai, nilikuwa nimezihifadhi stoo. Stoo yetu ni chumba cha mwisho cha nyumba, chenye mlango unaofunguka uani na dirisha dogo la nondo lisilo na kioo. Mlikuwamo pia magunia 9 ya mwani mkavu wa kikundi yakimsubiri mnunuzi, na katika tenga pembeni, tetea wangu aliyekuwa akiatamia mayai 11. Nilifungua komeo, nikawasha tochi ya simu, na kabla sijaingiza mguu wa pili nikasikia mfoko mrefu, kama gurudumu la baiskeli linalotolewa upepo.

Nilifunga mlango kwa kasi ambayo sikujua kuwa ninayo. Wazo la kwanza lilikuwa nyoka, na hasa swila, ambaye hutema sumu machoni, kwa hiyo nilizunguka hadi dirishani nikasimama mbali kidogo na kumulika kwa mshazari. Kilichoonekana kwanza ni mkia, mnene kama mkono wangu, wenye madoa ya manjano yaliyofifia. Niliufuata mkia huo kwa mwanga, nikashangaa jinsi ulivyokuwa hauishi, hadi nilipofika kwenye kichwa chembamba kilichokuwa kimeegemea ukingo wa tenga. Ulimi wenye ncha mbili ulitoka, ukarudi. Alikuwa kenge, na tenga lilikuwa tupu.

Saa 11:40 alfajiri

Mama mkwe wangu alitoka na kanga yake begani, akachungulia, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, jana mlango uliufunga saa ngapi?" Hapo nikapata jibu la jinsi mgeni alivyoingia. Jana jioni, wakati nikihamisha magunia kutoka kwenye chanja kabla ya umande, niliuacha mlango wazi kwa muda wa saa nzima, kisha nikaufunga gizani bila kuangalia pembeni. Kenge hakuvunja chochote. Alifuata harufu ya mayai akakuta mlango wazi, nami nikamfungia ndani. Mume wangu alikuwa dago, huko anakovua na wenzake kwa wiki mbili tatu, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia.

Mwanangu wa darasa la 3 alipiga kelele kwamba ndani mna mamba, na nusu ya kitongoji ikaamka. Sikumlaumu. Wahenga waliosema kwamba kwenye msafara wa mamba kenge hawakosi waliona mfanano huo kabla yake, na huyu wetu alikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu, zaidi ya nusu yake ikiwa ni mkia.

Tetea tulimkuta juu ya paa la jiko, akiwa amepoteza manyoya ya mkia na bila shaka akiwa amepitia dirishani. Alikuwa hai.

Saa 12:30 asubuhi

Jirani yetu mzee, mvuvi wa zamani ambaye kijiji kizima kinamwita Babu, alikuja baada ya sala akiwa na fimbo aliyoitumia kutembelea tu. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kufika na marungu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akanionyesha kovu refu kwenye muundi wake ambalo nilikuwa nikilidhania kuwa ni la nanga. Lilikuwa la makucha ya kenge aliyenaswa ndani ya dema, yaani mtego wa samaki, Babu akiwa kijana.

Alichotueleza kilinisaidia kuliko marungu yote. Kenge, alisema, hana joto lake mwenyewe, hulipata juani, na ndiyo maana asubuhi ya kusi kama hii, yenye baridi, huwa mzito na hafiki mbali. Lakini uzito huo ndio unaowaponza watu, kwa sababu mnyama asiyeweza kukimbia hana la kufanya ila kupigana. Hupiga kwa mkia kama mjeledi, huparua kwa makucha yanayomwezesha kupanda minazi, na akiuma hung'ang'ania. Hana sumu ya kumwua mtu, ila kinywa kinachokula mizoga na mayai yaliyooza huacha kidonda kinachotunga usaha. "Mpe mlango na mpe jua," alisema Babu. "Yeye mwenyewe hataki kukaa na wewe."

Vijana hawakuridhika. Mmoja alisema kwamba mnyama aliyekula mayai 11 ya watu hastahili adabu, na mwingine, ambaye hupiga ngoma kwenye shughuli za unyago na jando, aliulizia ngozi. Ilibidi nimpigie simu mwenyekiti wa kitongoji, naye akatukumbusha kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda mnyamapori bila kibali, kisha akamtafuta afisa wanyamapori wa halmashauri. Afisa huyo alikuwa katika kijiji kimoja cha bara ambako tembo walikuwa wameingia mashambani, na kwa kweli, nikilinganisha tembo na kenge wangu, sikuona haki ya kunung'unika. Alinielekeza kwa simu kwa utulivu: tuzibe mlango wa ndani unaoelekea sebuleni ili mnyama awe na njia moja tu, tufunge mbwa, tuondoe watoto, tusimrushie kitu, na mtu yeyote asisimame kati ya mlango na mkondo wa mikoko ulio nyuma ya nyumba. Akiparua au kuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, na mtu huyo apelekwe zahanati akapate pia chanjo ya pepopunda, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Mlango wa ndani tuliuzibia kwa kitanda kilichosimamishwa na gunia la mchanga.

Saa 1:20 asubuhi

Ilibaki shida yangu mimi, ambayo hapakuwa na afisa wa kuitatua: kamba. Mizigo mitatu ya kamba, kazi ya wanawake wanne kwa siku mbili za kufunga tai-tai, ilikuwa sakafuni chini ya dirisha, hatua mbili kutoka kwenye pua ya kenge. Bila kamba hizo siku hii ya bamvua ingekuwa matembezi ya baharini.

Niliazima upondo wa ngalawa, nikafunga kwenye ncha yake kipande cha waya nilichokikunja kama ndoana, na kuupitisha kati ya nondo. Kuvuta kamba kwa mti wenye urefu wa mita nne, ukiwa umesimama juu ya ndoo, huku mama mkwe wako akikuelekeza kulia na kushoto, ni kazi ambayo haijaandikwa katika mwongozo wowote wa kilimo cha mwani. Mzigo wa kwanza ulinasa mara moja na kupanda vizuri. Wa pili uliponyoka ukaangukia karibu na mguu wake wa mbele, na hapo nikaona yale aliyoyasema Babu: mwili ulivimba, shingo ikapanda, na mkia ukaupiga upondo kwa kishindo kilichonifikia kwenye viwiko. Uchovu wa baridi haukumzuia kabisa kufanya hilo. Nilitulia kwa dakika kadhaa mpaka mwili wake uliponywea, nikaunasa mzigo ule tena kwa uangalifu na kuutoa. Wa tatu niliuacha. Alikuwa ameulalia.

Kisha tukafungua mlango wa uani kwa kutumia kamba tuliyoifunga kwenye komeo, tukiwa mbali, na kuukazia kwa jiwe. Jua la asubuhi huingia stoo kwa mlango huo. Mama mkwe aliketi chini ya mwembe, upande usiokuwa wa njia ya kenge, nami nikashika ndoo yangu.

Saa 2:00 hadi saa 6:15 mchana

Kuhusu bahari sitasema mengi, kwa kuwa siku hiyo mwili tu ndio uliokuwa baharini. Tulitembea juu ya mchanga ulioachwa na maji, tukapigilia vigingi vilivyolegea na kufunga kamba za mizigo ile miwili. Mwani tuliopanda ungekuwa tayari kuvunwa baada ya siku 45 hivi, na nilikuwa nikijaribu kupiga hesabu ya kiasi tutakachokosa kwa mzigo wa tatu, lakini kila nilipofika katikati ya hesabu niliuona mkia. Wenzangu walinitania kwamba nimepata mume wa pili, tena mwenye mali, kwa kuwa ameketi juu ya magunia. Mmoja alipendekeza tumwandikishe kikundini kama mlinzi wa ghala. Nilicheka pamoja nao, ila nilitazama nchi kavu mara nyingi kuliko kawaida.

Saa 7:00 mchana

Nilitegemea kukuta stoo tupu. Badala yake nilikuta watoto wapatao 20, waliotoka shule kwa chakula cha mchana, wamejipanga uani kama kwenye mkutano wa hadhara, tena katika njia ileile tuliyoambiwa tuiache wazi. Mama mkwe alikuwa amekwenda kuswali, na ulinzi ukavunjika kwa dakika 15.

Kenge alikuwa ameshatoka hadi kizingitini, mama mkwe alinisimulia baadaye, na alikuwa akiota jua, kichwa nje na mwili ndani. Kelele zilipoanza alirudi ndani, na safari hii akiwa na joto la kutosha. Nilipochungulia alikuwa amepanda magunia, akatoka hapo kwa ukuta hadi kwenye kenchi, akajinyoosha juu ya boriti chini ya bati. Asubuhi tulikuwa na mnyama mzito aliyelala sakafuni, na sasa tulikuwa na mnyama mwepesi juu ya vichwa vyetu. Nakiri kwamba wakati huo nililifikiria rungu.

Nilimpigia afisa tena. Aliniambia kwamba sasa bati lenyewe litafanya kazi, kwa sababu kenge huhitaji joto lakini joto likizidi hulikimbia, na mchana huu chini ya bati hapakaliki. Tulichotakiwa kukifanya ni kuwa kimya, na kutokuwapo.

Saa 8:00 hadi saa 10:10 alasiri

Kutokuwapo ni kazi ngumu katika kijiji. Watoto walirudishwa shule na mwenyekiti mwenyewe, mbwa wa jirani aliongezewa kamba, na wapita njia waliombwa wazungukie msikitini. Mimi na mama mkwe tulijifungia jikoni, tukawa tunatazama kupitia ufa wa mlango, yeye akichambua mchele na mimi nikiwa sina hata la kuchambua. Saa nzima ilipita bila kitu. Kisha tukasikia makucha yakikwaruza ukuta, gunia likaanguka, na kimya kikarudi.

Alitoka saa 10 na dakika chache, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Hakukimbia. Alisimama kizingitini, akaonja hewa kwa ulimi wake mara nyingi, akageuza kichwa upande wa jiko kana kwamba anatuhesabu, kisha akapita chini ya chanja akiyumba kwa mabega, mkia ukichora mstari mmoja ulionyooka kwenye mchanga. Mama mkwe alinong'ona, "Nenda kwenu, baba." Alipofika kwenye majani alitoka mbio kwa ghafla, na tukasikia mwili ukiingia majini. Huko mkondoni kuna kaa wa kumtosha, na ninaamini ndiko alikozaliwa.

Nilimtumia afisa ujumbe. Alijibu kwamba bado yuko na tembo.

Saa 11:00 jioni

Tulifagia, tukaosha sakafu kwa maji na sabuni, na kukagua hasara. Mzigo wa tatu wa kamba ulikuwa mzima. Mayai 11 yalikuwa yameliwa bila kubaki ganda. Magunia mawili yalikuwa yamechanwa kwa makucha, nayo tuliyashona, lakini moja kati yake lilikuwa limechafuliwa vibaya, kwa maana kenge aliyekula mayai 11 na kupandishwa hofu hujisaidia kama mtu mwingine yeyote. Mwani mkavu haufai kuoshwa kwa maji ya kisima, kwani maji baridi huufifisha na kuushusha daraja. Ungeweza kusuuzwa kwa maji ya bahari na kuanikwa upya kwa siku mbili tatu, lakini sehemu iliyochafuka kabisa tuliitenga na kuitupa. Mwani mkavu wa kilo moja hutokana na kilo saba au zaidi za mwani mbichi, kwa hiyo kila konzi niliyoitupa niliijua uzito wake mgongoni.

Tundu lililo chini ya mlango nililiziba kwa mawe na udongo, ingawa hakupitia hapo.

Saa 2:30 usiku

Daftari la stoo hulisaini watu wawili, katibu na mhazini, na kila pungufu huandikiwa sababu. Niliandika tarehe, nikaandika kilo 11, na kwenye safu ya sababu nikaandika: zimechafuliwa na kenge. Mhazini alipokuja kusaini alisoma mstari huo mara mbili, akaniuliza kama ninadhani mnunuzi ataukubali. Nilimwonyesha mstari wa mkia ambao ulikuwa bado haujafutika pale uani. Aliutazama kwa tochi kutoka kizingitini hadi kwenye majani, akachukua kalamu, na kabla ya kusaini akaongeza neno moja mbele ya kenge: mkubwa.