Mjomba amekubali kupima

Novemba huku Mtwara ndio mwezi wa pesa. Minada ya korosho imeshaanza, malipo yanaingia benki kupitia vyama vya msingi, na kila nyumba ina hesabu zake: bati, pikipiki, ada ya Januari, deni la dukani, sherehe ya unyago. Nimezisikiliza hesabu hizo kwa ndugu zangu wa Tandahimba tangu nikiwa msichana, na sijasikia mtu akitenga fungu la kupima afya. Hospitali huwekwa pamoja na msiba: ikitokea, tutachangishana.

Ndiyo maana nilifurahi sana mjomba aliponipigia simu kusema anakuja mjini kupima. Ana miaka 63, bado anapalilia mikorosho yake mwenyewe na kubeba pampu ya dawa msimu wa kupulizia. Haumwi popote. Ila mwenzake, waliyeingia naye jando, alianguka shambani akiokota korosho na akapooza upande wa kulia. Majirani wakasema ni upepo. Mjomba hakubishana nao, alipanda basi tu.

Asiye wa huku anaweza asione uzito wake. Kwetu Wamakonde, kwa desturi, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno: posa, jando, ugomvi wa shamba. Mtaalamu wa afya anaweza kuhubiri mwaka mzima kijijini akasikilizwa kwa adabu. Mjomba akisema mara moja, watu wanavaa viatu.

Nesi aliyetupokea alimwamkia, akamuuliza kama amekunywa kahawa. Mjomba akasema ndiyo, kikombe kimoja pale stendi. Basi tukaambiwa tusubiri nusu saa, kwa sababu kahawa na sigara hupandisha presha. Ulipofika wakati akamkalisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akamwacha atulie dakika tano. Mimi nilianza kuuliza jambo, akaniashiria ninyamaze, maana mgonjwa akiongea au akicheka namba zinabadilika. Nimeshaona watu wakipimwa wamesimama kwenye korido, mkono unaning'inia, na hapohapo wakaandikiwa dawa. Huyu dada alifanya kazi yake kwa heshima, na Mungu ambariki.

Ikaja 168 kwa 102. Akarudia baada ya muda, ikashuka kidogo tu. Kwa mtu mzima, kuanzia 140 kwa 90 inahesabiwa kuwa presha ya kupanda, lakini hawakumpa jina la mgonjwa siku hiyo. Walimtaka arudi siku nyingine apimwe tena, wakampima na sukari na mkojo. Aliporudi bado ilikuwa juu, ndipo daktari akamwanzishia dawa.

"Mbona sisikii kitu chochote?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo ilivyo, mzee wangu. Wengi hawasikii kitu mpaka mshipa unapasuka au kuziba kichwani."

Alikaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anamuwaza mwenzake.

Nyumbani tukazungumza habari ya chumvi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko sindano. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwemo ndani ya chakula. Sasa mtu aliyekulia kwenye ugali wa muhogo na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, utamwambia nini? Tumekubaliana samaki alowekwe, maji yamwagwe, alowekwe tena, na kwenye mchuzi isiongezwe chumvi. Alionja, akakunja uso, akala.

Mimi mwenyewe nina miaka 47, na siku hiyohiyo nilipima saratani ya mlango wa kizazi. Wanapaka siki maalumu, wanaangalia kama panageuka peupe, na jibu unalipata kabla hujashuka kitandani. Ugonjwa huu unatokana na kirusi, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Miaka yote hiyo mtu anaweza kuuzuia! Inaniuma kila nikikumbuka wanawake tuliowazika wakati walikuwa na nafasi kubwa namna hiyo.

Kinachonisumbua sasa ni Aprili. Sera ya wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na kwenye dirisha la wazee tulihudumiwa vizuri, lakini dawa yenyewe ilikuwa imekwisha, tukainunua dukani. Novemba hiyo si shida. Aprili pesa ya korosho imekwisha, mtu anajisikia mzima, anaona vidonge ni anasa, anaacha. Kwa wengi wa kwetu dawa inakatikia hapo. Mjomba nilimweleza hivyo hivyo bila kumzungusha. Akafungua bahasha yake, akahesabu pesa ya vidonge mpaka mavuno yajayo, akaniachia. "Ukinisikia nakuja kuazima pesa kwako, mpwa wangu, usinipe hii."

Jana amekaa na ukoo kule kijijini. Amesema kila aliyefika miaka 40 apime msimu huu kabla hajanunua bati. Wadogo zangu wameshaniuliza siku ya kuja. Mama mkubwa tu ndiye amegoma, anasema hana anachoumwa. Jumamosi napanda kwenda kumwona, nimebeba na kipimo cha presha cha kuazima.