Ganda Lililokosa Baruti

Mlio ndio ulionishtua. Badala ya ule mshindo niliouzoea, bunduki ilitoa "puf" ya kinyonge, kama mtu anayezima mshumaa, na bega langu halikusukumwa hata kidogo. Sahani ya udongo, ile inayorushwa hewani tuilenge, ikaenda zake salama. Mkono ulikuwa umeshaanza kukoki niingize risasi nyingine, mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu akanifokea: "Wacha! Usipige tena! Ielekeze chini uitoe risasi zote."

Nikatii. Tulipoutenga mtutu na kuumulika kwa tochi upande wa nyuma, hatukuona mwanga upande wa pili. Kikombe cha plastiki kilikuwa kimekwama ndani, na marisaa, zile chembe ndogo zinazorushwa na bunduki, yametawanyika mbele yake kama punje za ulezi.

"Risasi hizi umezijaza mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hii ulisahau kuitia baruti."

Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na kuiwasha baruti, peke yake ina nguvu ya kukisukuma kikombe na mzigo wake kutoka kwenye ganda hadi ndani ya mtutu, ila haina ya kuvitoa nje. Ningepiga nyingine nyuma ya kizuizi kile, mtutu ungeweza kupasuka karibu na mkono wangu wa kushoto. Mzee akakitoa kikombe kwa ufito wa kusafishia, akanikabidhi bila kusema zaidi. Nikafunga mkoba nikarudi nyumbani, na risasi zilizobaki kwenye lile boksi sikuzipiga. Nilizifungua moja moja. Nyingine zote zilikuwa na baruti.

Wakati huo nilikuwa na wiki chache tu tangu nianze kujaza maganda, yaani kuyatia vitu upya maganda yaliyokwisha kupigwa ili yawe risasi tena. Kibali nilikuwa nimeshakiulizia, maana ruhusa ya kumiliki bunduki si lazima iwe ruhusa ya kujaza risasi nyumbani, wala ya kuweka baruti ndani ya nyumba, na sheria hazifanani kati ya nchi na nchi. Mashine ilikuwa ya mkono, ile ya hatua moja moja: unashusha mkono, unahamisha ganda, unashusha tena. Niliiona kazi nyepesi, na hapo ndipo nilipokosea.

Vitu vinavyoingia kwenye ganda ni vichache. Chini kuna fataki, juu yake baruti isiyo na moshi, kisha kikombe cha plastiki kinachoziba gesi na kubeba marisaa, halafu marisaa yenyewe, na mwisho mdomo wa ganda unakunjwa. Kiswahili kimetuchanganya kidogo hapa, kwa sababu risasi ni madini na risasi ni hicho kinachopigwa. Hata namba ya geji, kipimo cha upana wa mtutu, imetoka kwenye madini hayo. Bunduki yangu ni geji 12, yaani mipira 12 ya madini ya risasi yenye upana wa mtutu huo, kama milimita 18.5, inatimiza ratili moja. Ndiyo maana geji 20 ina mtutu mwembamba kuliko geji 12, jambo linalowakanganya wengi mwanzoni.

Uchache wa vitu hivyo ndio mtego. Kitabu cha vipimo hakikupi orodha ya kuchagua unachopenda. Kinakupa mchanganyiko mmoja uliopimwa kwenye maabara: ganda la aina hii, fataki hii, baruti hii kwa uzito huu, kikombe hiki, marisaa uzito huu. Ukibadili kimoja, hata fataki tu, umetengeneza kitu ambacho hakuna aliyekipima. Kwa viwango vya Marekani, risasi ya geji 12 yenye urefu wa inchi 2¾ imewekewa kikomo cha paundi 11,500 za shinikizo kwa inchi ya mraba, na mtu aliyeketi mezani hana chombo cha kumwambia amefika wapi. Mimi nilikuwa nimepata vikombe vya rangi nyingine, vinalingana kabisa na vya kitabuni kwa macho, nikajiambia plastiki ni plastiki. Kitabu kilisema vingine. Vikombe vile vilikaa kabatini miezi mingi, hadi nilipopata mchanganyiko uliovitaja kwa jina.

Tatizo langu la kwanza lakini lilikuwa midomo. Maganda ya plastiki yanakumbuka yalivyokunjwa kiwandani, mengine mikunjo sita, mengine minane. Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa na kikunjio cha mikunjo sita na maganda ya minane, na kilichotoka kilifanana na shati lililolaliwa. Katikati pakabaki tundu, na ukiitikisa risasi marisaa yanadondoka mezani. Nilipobadilisha kikunjio mambo yalinyooka, isipokuwa kwa machache yaliyobonyea katikati kama kisahani. Hayo yalikuwa ya aina nyingine kwa ndani: yana nafasi kubwa zaidi chini, kwa hiyo vitu vyote vinakaa chini zaidi na mdomo unakosa cha kuegemea. Kwa nje huwezi kuyatofautisha kirahisi na wenzake. Tangu hapo siokoti ganda lolote uwanjani ambalo sikulipiga mwenyewe, na kila aina ina mfuko wake.

Baada ya siku ile ya "puf" nilikaa chini nikajiuliza ilitokeaje. Nilikumbuka. Simu ilikuwa imeita katikati ya kazi, nikaenda kuzungumza, niliporudi nikashusha mkono wa mashine pale nilipodhani niliachia. Nilikuwa nimeruka hatua ya baruti. Mashine haikujali. Iliweka kikombe, ikamwaga marisaa, ikakunja mdomo vizuri kabisa, na risasi ile ikakaa kwenye boksi ikiwa nzuri kuliko baadhi ya wenzake. Hata kuipima kwa mizani baada ya kufungwa hakungesaidia sana, maana tofauti ndogo za ganda na marisaa zinaweza kuificha baruti isiyokuwepo.

Kwa hiyo nilivunja utaratibu mzima. Sasa sijazi ganda moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Naweka maganda 25 kwenye kibao chenye matundu, yote yakiwa na fataki, natia baruti kwa yote, halafu nasimama. Nachukua tochi, namulika kila ganda, nalinganisha vimo. Lisilo na baruti linaonekana papo hapo, ni tundu jeusi katikati ya wenzake. Lililopata mara mbili nalo linaonekana, na hilo ni la kuogopa kuliko la kwanza, kwa sababu halikwami njiani, linalipuka kwa shinikizo lisilostahili. Vikombe haviguswi mpaka tochi imepita. Simu naiacha chumba kingine. Ni polepole, na anayetaka kasi atanicheka.

Kipimio cha baruti nacho kilinipa somo. Kinapima kwa ujazo, si kwa uzito, na jedwali lililokuja na mashine lilisema tundu fulani linatoa greni kadhaa, kile kipimo kidogo cha uzito wa baruti. Nilipopima mara kumi mfululizo kwenye mizani, zote zilikuwa chini ya jedwali, na hazikulingana zenyewe kwa zenyewe. Sababu ilikuwa mkono wangu. Nikishusha kwa kishindo, baruti inajipanga na kushikamana. Nikishusha taratibu, inalegea. Ikabidi nijifunze mwendo mmoja usiobadilika. Mizani yenyewe ina kitufe cha kubadili gramu na greni, na gramu moja ni zaidi ya greni 15, kwa hiyo kabla sijagusa kitu nakitazama kitufe hicho. Nimewahi kukikuta kwenye gramu. Sijui nani alikibonyeza, na nyumbani hakuna aliyekiri.

Fataki nazitoa kwenye trei yake chache chache. Watu wengine huzimimina kwenye chupa ya kioo zionekane vizuri, na sielewi wanalalaje usiku, kwa kuwa moja ikilipuka zinaweza kulipuka zote. Nikiisha kuibana, napitisha kidole chini ya kitako, ile sehemu ya chuma mwishoni mwa ganda: iwe sawasawa na chuma, isitokeze. Iliyotokeza inaweza kugongwa bunduki inapofungwa tu, kabla hata hujalenga. Iliyogoma kuingia siilazimishi.

Kitako cha ganda pia hutanuka kidogo kila linapopigwa. Nilifikiri vyote ni vya shaba mpaka nilipovigusisha sumaku na vingi vikanata: ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chuma hakirudi umbo lake kwa urahisi. Nisipokibana kirudi kwenye kipenyo chake, risasi inaingia nusu kwenye chemba, pale inapokaa nyuma ya mtutu, na kugoma. Hilo si hatari kubwa, ni aibu tu, hasa watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yako.

Kuhusu uchafu, kuna mambo mawili sikuyajua. Vumbi la fataki iliyotumika na la marisaa lina madini ya risasi, na linaingia mwilini kupitia mikono. Kwa hiyo sili wala sinywi pale mezani, na nikimaliza nanawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. La pili ni baruti iliyomwagika: naifagia kwa brashi laini. Mashine ya kufyonza vumbi haikaribii meza ile, kwani mota yake hutoa cheche. Na juu ya meza hukaa kopo moja tu la baruti, lile ninalolitumia. Kinachobaki kwenye mashine kinarudi kwenye kopo hilohilo siku hiyohiyo, kwa sababu baruti mbili tofauti zinaweza kufanana kama mapacha.

Maganda yenyewe hayadumu milele. Mengine yamenipa zaidi ya mara sita, mengine hayakufika tatu. Mdomo ukianza kupasuka kwenye mikunjo, au kitako kikionyesha alama ya moto, safari imeisha. Hayo nayakata katikati kwa kisu kabla ya kuyatupa. Nilianza kufanya hivyo baada ya kutupa moja kwenye pipa la uwanjani, kisha wiki iliyofuata nikajikuta nimeliinamia chini, nimelipangusa vumbi, na ninalirudisha mfukoni kwa furaha.