Mzee akiitwa mchawi: anyamaze wapi, aseme wapi

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Ganze hasa, tuhuma ya uchawi mara nyingi huzukia matangani. Kijana amefariki ghafla, na kabla hajazikwa jina la mzee mmoja mwenye mvi limeshaenea. Mzee huinama, asijibu. Ndivyo alivyolelewa: mtu mzima habishani na watoto. Tunaiheshimu subira hiyo, lakini ikivuka mipaka inaua, maana wanaomsingizia husema angekuwa safi angejitetea.

Mbele ya umati wenye hasira, ni sawa anyamaze. Neno la hatari kuliko yote ni "mtaona", na "Mungu atawalipa" haliko mbali nalo. Mzee hulitamka kwa uchungu tu. Mtoto wa jirani akishikwa na homa wiki ijayo, neno hilo ndilo litakalorudiwa kama ushahidi. Aondoke taratibu, na wa kumsindikiza awe mwanamke wa nyumba hiyo au jirani wa rika lake. Kijana huishia kurushiana ngumi.

Asikubali pale pale kwenda kula kiapo cha jadi cha kupima nani mchawi, kiwe cha kuguswa na shoka la moto au cha kula papai. Wengi hukubali wakidhani watasafishika. Shoka likimbabua, hukumu imepita, wala hakuna pa kukata rufaa.

Kwa naibu chifu na polisi asinyamaze kabisa, na aende siku hiyo hiyo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, iliyotungwa 1925, kifungu cha 6, inasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, na adhabu yake hufika miaka 5 jela. Anayepeleka tuhuma kwa polisi au chifu hahesabiwi kosa; anayeipayuka matangani au kuituma kwa simu ndiye anayeshtakiwa. Kituoni, "wananiita mchawi" haitoshi. Ataje nani alisema, maneno gani hasa, wapi, saa ngapi na nani alisikia. Kikaratasi cha vitisho kilichotupwa mlangoni kisichomwe, ujumbe wa simu usifutwe. Asitoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa sababu lalamiko lisiloandikwa kesho hakuna anayelikumbuka.

Halafu shamba. Penye tuhuma, uliza nani atalirithi. Mara nyingi anayemsingizia ni mwana au mpwa anayetaka kuuza, na ardhi bado ina jina la babu. Hapo ndipo ukimya humponza mzee: anaona aibu kumtaja wa damu yake. Amtaje, tena wazi, maana polisi wasipojua habari za shamba watamtafuta adui kwingine. Hati, au barua yoyote ya ardhi, ikae kwa mtu asiye mrithi.

Usiku asilale peke yake, wala mahali pale alipozoea. Akihitaji kuhama, kituo cha hifadhi cha Kaya Godoma, huko huko Ganze, kimekuwa kikiwapokea wazee waliotuhumiwa. Ila akihama kimyakimya shamba litauzwa nyuma yake. Kwanza amwachie chifu barua kwamba ameondoka kwa kuhofia maisha yake na hajampa mtu ruhusa ya kuuza. Na asirudi kwa sababu tu ameambiwa "mambo yametulia". Arudi baada ya baraza ambapo waliomtuhumu wamesimama, wakayafuta maneno yao mbele ya watu na chifu akayaandika.