Kisima changu Jambiani: mnaoambiwa "chimba zaidi" njooni hapa

Mtu akikwambia maji yakiwa na chumvi chimba zaidi, mkimbie. Mimi nilimsikiliza, milioni nne na ushee zikatokomea shimoni.

Nina vyumba vitano vya wageni Jambiani, pwani ya Zanzibar, ng'ambo ya barabara kule maweni. Kisima cha zamani kilikua kifupi, maji ya kuungaunga, akaja fundi na mashine akasema tushuke mita 30 we utanikumbuka. Kweli namkumbuka mpaka leo. Wiki mbili raha, ya tatu mgeni kaniuliza kwa adabu kabisa, samahani, hii chai au supu? Sabuni haitoi povu, bomba za bafuni zimeota kutu.

Mzee jirani akacheka weee, "mwanangu, maji matamu yamelala juu ya maji chumvi, we umetoboa godoro." Huku kwetu mawe ya matumbawe matundu matupu, mvua inazama hapohapo, ndo maana hatuna mito, ikifika chini inaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni nyepesi. Na utando wenyewe mwembamba, maji matamu yakipanda sentimita 10 juu ya usawa wa bahari, chini yake unayo kama mita 4 tu. Ukivuta kwa fujo chumvi inapanda.

Sikumuamini, nikapima mwenyewe. Nikachukua chupa ya soda, nikaifunga jiwe, mdomoni nikaziba gunzi lenye kamba yake mbali, naishusha mpaka pale ninapotaka halafu navuta gunzi, chupa inajaa maji ya hapohapo. Watoto wa mtaa wote wamejaa wanagombania kuonja! Kupima toka mdomo wa shimo, mita 10 tamu, 14 unaanza kukunja uso, 20 bahari tupu, mtoto mmoja alitema hadi kwenye kanzu yangu.

Basi nikaziba chini kwa simenti, pampu kubwa nikauza kwa hasara, nikaning'iniza ndogo karibu na uso wa maji, inavuta kidogokidogo usiku inajaza simtank. Siku za bamvua, bahari ikijaa sana, naipumzisha. Chai ni maji ya mvua ya paa, na ya kisima nachemsha maana mashimo ya vyoo ya mtaa mzima yako kwenye mawe hayohayo ya matundu.

Juzi nikamuona yule fundi kwa jirani wa pili anashusha mabomba. Nimekwenda na chupa yangu na gunzi.