Nilivyotoka Ujasusi Nikaingia Bunge la Kaunti Bila Kuficha Nilikotoka

Karibu kila aliyenishauri kabla ya uchaguzi wa 2022 alinipa neno lilelile: ficha kazi uliyokuwa ukifanya. Sema ulikuwa afisa wa serikali Nairobi. Ukibanwa, sema mambo ya usalama. Ukibanwa zaidi, cheka na ubadilishe mazungumzo. Walioniambia hivyo ni watu ninaowaheshimu, wengine wamewahi kusimamia kampeni za wabunge hapa Nakuru, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika, maana ningewasikiliza ningeanguka vibaya. Watu wa kwetu upande wa Molo si wajinga. Mtu akitoka kijijini akiwa kijana, awe anarudi kwa likizo tu zaidi ya miaka ishirini bila kusema hata siku moja anafanya kazi gani, kijiji kizima kishajua. Tena kishaongeza chumvi.

Nilijiunga na idara miaka michache baada ya sheria ya 1998 kuunda NSIS, idara ya ujasusi ya taifa, iliyochukua nafasi ya watu wa Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi. Katiba ya 2010 ikaipa jina la NIS, na sheria yake mpya ikapitishwa 2012. Nilihudumu Kisumu, Kakamega na kwingine ambako sitakutaja. Kiapo nilichokula hakiishi mtu anapoacha kazi, kwa hiyo anayesoma hapa akitafuta siri ataondoka mikono mitupu.

Kulikuwa na washauri wa aina ya pili, na hao walikuwa wabaya zaidi. Walitaka nitumie nilichokuwa nakijua. Mmoja alikuja nyumbani usiku, akakaa, akaletewa chai, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama sina faili la mpinzani wangu mahali. Nikamwambia hata kama lingekuwepo, ni la Jamhuri ya Kenya, si la mgombea wa wadi, na amalize chai aende. Yule hakunipigia kura, najua. Nililala usingizi mzuri usiku ule.

Mfano wa karibu niliokuwa nao ni George Natembeya, aliyekuwa kamishna wa eneo la Bonde la Ufa, ofisi yake ikiwa hapahapa Nakuru. Alijiuzulu mwanzoni mwa 2022 akagombea ugavana Trans Nzoia, na Agosti akashinda. Lakini yeye alikuwa mtu wa utawala, sura yake ilikuwa kwenye televisheni kila mara, na sisi kazi yetu ilikuwa kutoonekana. Mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Egerton akanitafutia mifano ya mbali: George H. W. Bush aliyeongoza CIA, idara ya ujasusi ya Marekani, mwaka 1976 akaja kushinda urais wa Marekani 1988, na Abigail Spanberger aliyekuwa afisa wa CIA akachaguliwa kuingia Kongresi 2018. Ilinitia moyo. Ila swali la watu wa kwetu lilikuwa jingine kabisa, na jibu lake halikuwa Marekani.

Kujiuzulu kwenyewe sitakueleza sana. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 43, inamtaka mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Kura ilikuwa 9 Agosti 2022, kwa hiyo mwisho ulikuwa 9 Februari. Kuna aliyenishauri nichukue likizo tu nione upepo unavyovuma, nikishindwa nirudi kazini. Mshauri kama huyo mkimbie. Niliandika barua Januari, nikaipeleka mwenyewe, nikarudi na nakala iliyopigwa mhuri. Nakala hiyo ilikuja kunifaa kuliko mabango yote niliyochapisha.

Mkutano wangu wa kwanza nilitaka ufanyike sokoni, siku ya soko, mchana. Vijana wangu walitaka tuanzie kwa muziki na fulana. Nikakataa. Niliomba meza, kipaza sauti, na mtu yeyote kutoka kambi ya mpinzani wangu aje asome barua yangu ya kujiuzulu mbele ya watu. Kijana mmoja wa bodaboda, shabiki mkubwa wa upande ule, akajitokeza. Akaisoma neno kwa neno, jina la idara likatajwa, soko likanyamaza. Nikasema: ndiyo kazi niliyofanya, sasa niulizeni.

Aliyeanza ni nyanya mmoja aliyekuwa amekaa karibu na magunia ya viazi. Alisimama polepole, akaniita mwanangu, kisha akauliza: "Ni nyinyi mliomchukua ndugu yangu 1987?" Kakake alikuwa mwalimu. Walikuja usiku na Land Rover, wakasema ni mambo ya Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, na aliporudi baada ya miaka hakuwa tena mtu wa kushika chaki.

Washauri wangu wangenitaka niseme mimi 1987 nilikuwa darasa la pili. Ni kweli, lakini si jibu la kumpa mama kama yule. Nilimwomba anikubalie nisimame karibu naye, nikaongea bila kipaza sauti kwanza, halafu nikarudia kwa wote. Nikasema idara niliyoingia ilizaliwa kutokana na ile iliyomchukua ndugu yake. Nikasema vyumba vya chini ya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, vilikuwepo, watu waliteswa mle, na 2003 serikali mpya ilivifungua wananchi wakaviona kwa macho. Nikaeleza kuwa sheria ya 1998 ilitunyang'anya uwezo wa kukamata na kufunga, na kwamba mtu wa idara yetu hatembei na pingu. Na nikasema pole. Nilisema pole kwa niaba yangu, kwa sababu hakuna aliyenituma kuisema kwa niaba ya mwingine.

Mzee mwingine akarukia hapo hapo: na 2007, hamkujua kwamba kutachomeka? Molo ilichomeka 1992, ikachomeka tena baada ya kura ya 2007, na hakuna familia katika wadi yetu isiyo na mtu aliyelala kanisani au shuleni wiki zile. Hapo nilikuwa na ripoti ya Oktoba 2008 ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, nimeweka alama kwenye kurasa. Niliwasomea mahali tume inapoeleza kwamba idara ilikuwa imetoa tahadhari kabla, na kwamba waliozipokea hawakufanya ya kutosha. Sikufichua kitu, kitabu hicho ni cha umma. Lakini wengi pale walikuwa hawajawahi kusikia. Tulianza mchana, tukatawanyika giza likiingia, na sikuwa nimeahidi hata barabara moja.

Mchujo wa chama nitaupita haraka kwa sababu bado unaniudhi. Karatasi za kura zilifika vituo vingi jioni, vingine hazikufika, na cheti kikatolewa kwa mwenzangu katika hoteli fulani kabla hesabu ya vituo vyote kuingia. Nilikata rufaa, nikashindwa. Katiba, ibara ya 85, inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na michujo ilikwisha Aprili, kwa hiyo muda ulikuwepo ingawa ulikuwa mfinyu. Nikaandika barua ya kutoka chamani, nikaanza upya.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapojivunia. Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, nao wasiwe wanachama wa chama chochote. Majina, nambari za kitambulisho, sahihi. Haya, niambie: nani anayetaka kumpa aliyekuwa jasusi jina lake, nambari yake ya kitambulisho na sahihi yake kwenye karatasi moja? Hata mke wa binamu yangu alisita.

Na kulikuwa na tatizo la pili. Tangu Juni 2021, Wakenya walipoanza kuangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wengi walishangaa kukuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Mkulima wa viazi ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa siasa anajikuta mwanachama wa chama ambacho hata rangi zake hazijui. Sahihi ya mtu kama huyo ingenitia matatani. Washauri waliniambia ninunue majina kwa madalali, shilingi kadhaa kwa kichwa. Mimi nikaligeuza tatizo hilo likawa dawa.

Tuliweka meza mbili sokoni. Ya kwanza ilikuwa na mpwa wangu na wenzake wawili, simu na bando la kutosha, na bango: "Angalia bure kama umeandikishwa kwenye chama bila kujua." Hawakutaja jina langu. Watu walimiminika! Mama anatoka na hasira, anasema nani amenitia huku, mpwa wangu anamwonyesha namna ya kujiondoa, mama mwenyewe ndiye anayebonyeza. Meza ya pili ilikuwa upande wa pili wa soko, chini ya mti, na orodha yangu ilikuwa pale. Sikuishika mimi wala kijana wangu yeyote. Waliishika wanawake watatu wanaoweka vitabu vya chama cha akina mama, hawa wanaokusanya akiba kila Alhamisi na ambao hesabu yao haijawahi kukosea. Niliwaambia mbele ya watu: orodha ni yenu, jioni mnalala nayo nyinyi, siku ya kuipeleka kwa IEBC, tume ya uchaguzi, tunaenda pamoja. Mimi nilikaa nyumbani.

Yule nyanya wa 1987 alikuja kutia sahihi mapema sana. Hakuna aliyemwita. Baada yake, watu waliokuwa wakizungukazunguka mti kama kuku wasiojua pa kulala walipanga foleni. Tulipita 500 kwa kiasi kizuri, na gharama ilikuwa bando, chai na mandazi, elfu chache tu. Ada ya IEBC kwa mgombea wa wadi ilikuwa shilingi 5,000. Kampeni nzima ilinila kama milioni moja hivi, ikizidi haikuzidi sana, wakati wenzangu walikuwa wakiuza mashamba.

Kazi yangu ya zamani ilinifaa mahali pamoja tu: kupima habari. Wiki ya mwisho walinijia watu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akihema: kijiji fulani chote kimenunuliwa kwa unga, peleka pesa leo au umekwisha. Mgombea wa kawaida angekopa usiku huohuo. Mimi niliuliza kila mmoja swali moja: umesikia wapi, kwa nani, mkiwa mmekaa wapi? Wote walikuwa wamekunywa chai katika kibanda kimoja, na mwenye kibanda ameolewa katika ukoo wa mpinzani wangu. Watu wengi, habari moja, mdomo mmoja. Nilimtuma fundi wa baiskeli anayezunguka kila nyumba kule, asiulize siasa, atengeneze baiskeli tu na asikilize. Alirudi akasema unga uliletwa nyumba chache karibu na barabara. Sikutoa hata senti. Kijiji kile nilikishinda.

Mawakala niliwachagua kwa kigezo hichohicho: watu wa vitabu vya akiba, si vijana wa kelele. Niliwafundisha Fomu 36A, ile ya matokeo ya kura za wadi kituoni, mpaka wakaichoka: mahali pa kura zilizokataliwa, mahali pa jumla, na kwamba hatoki mtu kituoni mpaka fomu ibandikwe mlangoni na aipige picha. Jioni mawakala wa wengine walipoitwa nje kula, wangu walikuwa na chapati zao kwenye mikoba. Katika kituo kimoja msimamizi alijumlisha vibaya, uchovu tu, hakuwa na nia mbaya. Mama wetu alimwomba kwa heshima warudie, na kura zangu kumi na kitu zikarudi mahali pake. Nilishinda kwa mia moja na kidogo, kwa hiyo hizo kumi si haba.

Sasa niko kwenye bunge la kaunti, na ninalolipigania ni kukomesha lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini shambani kwetu dalali bado anashonea kofia juu ya gunia na kulipa bei ileile. Jambo hilo nitalieleza siku nyingine kwa urefu.

Wenzangu wa zamani wananipigia simu sana siku hizi, wengine wa polisi, wengine wa utawala, wakiuliza njia. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Wewe uliye kazini na una nia, usingoje wiki ya mwisho: barua yako iwe imepokelewa Januari, na usiondoke kwenye kaunta bila nakala yenye mhuri, tarehe na jina la aliyeipokea.