Skripti yangu sasa inaamka pamoja na Apache

Jamani hii kitu imenisumbua sana, acha niiandike. Nina sava ya Ubuntu, ndani kuna Apache (ndiyo inayowapa wageni kurasa za tovuti) na programu ya Python ya bei za duka. Kila Apache ikiwaka upya ile programu inaanza na memori tupu, mteja wa kwanza anasubiri mpaka anachoka anaondoka, na huyo ni mteja kweli, ana hela yake mkononi. Nikaandika skripti ya mistari minne, inafungua kwa curl (komandi ya kufungua kurasa bila kivinjari) ukurasa wa mwanzo na ule wa bei, yaani sava ijipashe moto kabla watu hawajaingia.

Nikaiweka kwenye crontab, ile orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe, na `@reboot`. Umeme ukikatika mashine ikirudi, safi kabisa. Ila asubuhi tovuti bado nzito, na mashine haijazimika. Nikapiga `systemctl restart apache2` kwa mkono, skripti kimya! Kumbe `@reboot` inajua mashine kuwaka tu, habari za Apache haina.

Dawa iko kwenye systemd, msimamizi anayewasha na kuzima huduma kama Apache. Piga `sudo systemctl edit apache2`, halafu andika:

```
[Service]
ExecStartPost=-/usr/local/bin/pasha-moto.sh
```

Usiguse faili la asili kule `/lib/systemd/system`, apdeti ikija inafuta ulichoandika, hii komandi inakutengenezea faili la pembeni `override.conf` linalobaki. Na ile alama ya kutoa kabla ya njia ya faili msiidharau wadau, bila hiyo skripti ikifeli systemd inahesabu Apache nzima imefeli na inaizima, tovuti inalala kwa sababu ya curl moja. Mimi ya kwanza iligoma, `journalctl -u apache2` (inaonyesha logi za Apache) ikaniambia `203/EXEC`, yaani skripti imeshindwa kuendeshwa, nilikuwa sijaweka `#!/bin/bash` juu, nikaweka, ikatii. Njia andika kamili kuanzia `/`, na ukumbuke `chmod +x` ili skripti iwe na ruhusa ya kuendeshwa.

Nikaristati, logi inaonyesha skripti imekimbia, nikalala na furaha. Asubuhi nzito tena!

Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Usiku logrotate inazungusha logi za Apache, yaani inaweka pembeni za zamani na kuanza mpya, na ikimaliza haiiristati Apache, inaifanyia `reload`, inajipanga upya bila kuzimwa. Sasa reload inabadilisha michakato ya ndani, memori inakuwa tupu vilevile, lakini `ExecStartPost` haiguswi kabisa kwa sababu kwa systemd huduma haijawahi kuzimika. Nikaongeza mstari mmoja chini ya ule:

```
ExecReload=-/usr/local/bin/pasha-moto.sh
```

Unafuata ile reload ya kawaida, hauifuti. Nikaweka na `sleep 5` mwanzoni mwa skripti maana reload ya Apache ni ya taratibu, ukiiwahi curl inaangukia michakato ya zamani.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimefungua ukurasa wa bei kwa simu nikiwa bado kitandani, umefunguka hapo hapo.