Damu ya mzee juu ya nyeusi

Juzi bibi harusi mmoja wa Gungu, hapa Kigoma, kanitumia rangi za kadi yake: nyeusi na damu ya mzee, basi. Na maandishi anataka yawe ya damu ya mzee juu ya nyeusi. Nilipojaribu kwenye kompyuta, programu ikanipa uwiano wa mwanga kati ya rangi hizo mbili wa 2.1 kwa 1, wakati miongozo ya kusomeka kwenye intaneti inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nilishaanza kuandika ujumbe wa kumkatalia, mkono ukagoma. Nikaikumbuka boti ya Mama pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Enzi hizo Fundi alikuwa hai na mimi ndiye niliyembebea makopo. Mama alikuwa ametoka eda si muda mrefu. Boti aliyoachiwa na marehemu ilikuwa ikipeleka abiria na mizigo vijiji vya kaskazini hadi Kagunga, naye akataka ipakwe upya: mwili mweusi, jina TUTAONANA kwa damu ya mzee. Sampuli ya rangi aliivaa mabegani: kanga ya kisutu aliyoolewa nayo. "Nyeupe sitaki kuiona, Fundi," alisema. "Nimeiona ya kutosha." Hatukuuliza zaidi.

Fundi alikuwa mkali sana kwenye kuchanganya. Nyekundu ukiitia nyeusi moja kwa moja inageuka kahawia iliyochakaa, kwa hiyo alidondoshea bluu, kidogo kidogo, huku anapaka kwenye kipande cha ubao na kukilaza juu ya kanga mpaka vikafanana. Halafu nyekundu ina tabia ambayo kila mpaka rangi anaijua: haifuniki. Ipake juu ya nyeusi, nyeusi inaimeza. Piga mkono wa pili, wa tatu, bado imekufa. Ndiyo maana alianza kwa kuzichora herufi zote kwa andakoti nyeupe.

Mama akafika akazikuta hivyo. Jina zima, jeupe, kwenye boti nyeusi.

"Fundi, nilikwambia nini mimi?"

"Hii ya chini, Shemeji. Itafunikwa."

Hakujibu. Alikaa kwenye mchanga, mgongo kaugeuzia boti, mpaka tulipomaliza kuzifunika. Mchana ule zilipendeza, nasema kweli. Zilikuwa na uzito ambao nyekundu ya dukani haina. Ila jua lilipoanza kushuka nyuma ya milima ya Kongo, herufi zikaanza kuondoka. Mitumbwi ya bluu iliyokuwa kando bado tuliiona vizuri, lakini TUTAONANA ilikuwa inazama ndani ya nyeusi mbele ya macho yetu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jicho la binadamu gizani huipoteza nyekundu mapema kuliko bluu, na kwamba mwanasayansi wa Bohemia, Purkinje, alilieleza jambo hilo katika karne ya 19. Fundi hakuhitaji Purkinje. Alisema tu, "Abiria wa alfajiri hawatajua wanapanda boti gani."

Kisha akanyoosha mikono miwili. "Shemeji, niazime kanga yako."

Mama alisita, akamvulia. Fundi akaitandaza ubavuni mwa boti, akaniambia nishike pindo la juu. Nilikuwa karibu nayo kiasi cha kusikia harufu ya udi. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi mno. Nyekundu yake imeiva, nyeusi imepauka. Na katikati, kila mahali nyekundu ilipokutana na nyeusi, vitone na vijialama vyeupe, vidogo, vimepangwa kwa subira. Mwanga wa magharibi ulikuwa umebaki kidogo sana, na bado kanga ile ilisomeka, kwa sababu ya vile vitone tu.

"Vitoe hivi," Fundi akasema, kidole kikifuata mstari, "kisutu kinabaki nini?"

Mama akasogea. Akashika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua kama anayepima ubora wake dukani. Weupe wake ulishageuka zamani, ukawa rangi ya karanga iliyomenywa. Alikaa nao muda mrefu, mikono yangu ikaanza kufa ganzi na sikuthubutu kuishusha.

"Hii si nyeupe," alisema mwishoni. "Hii imekaa na mimi."

Kesho yake Fundi akachanganya rangi ya karanga ile ile, nyeupe na njano na tone la kahawia, akazizungushia herufi mstari mwembamba kwa brashi ndogo. Boti ikasomeka toka mbali, alfajiri na jioni. Nimetumia mstari ule kwenye kazi nyingi tangu hapo.

Lakini nyuma ya boti, pale Mama alipopenda kukaa, jina liliandikwa tena kwa herufi ndogo, na huko alikataa mstari. "Huku niachieni kama nilivyosema. Anayetaka kuliona atasogea." Kazi hiyo Fundi aliniachia mimi. Niliipaka mikono mitatu, polepole, naye Mama amekaa pembeni akinitazama, na nilipomaliza akasema, "Ahsante, mwanangu," basi.

Fundi hakuikubali hata siku moja. Alisema maandishi yasiyosomeka ni ubao uliochafuliwa, na kila tuliposhuka Kibirizi alinihimiza nikazungushie mstari na huko nyuma. Hoja zake zote nilizijua, na nyingi ninazitumia leo kwa wateja wangu. Sikwenda. Na kama angenibana niseme sababu, sidhani kama ningekuwa na jibu la kumtosheleza fundi.